Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa viongozi wa vyama, walimu, maofisa wa halmashauri na kaunti, wazazi, na yeyote aliyewahi kuambiwa kwamba "nchi yetu ilisharidhia Mkataba" akabaki anajiuliza: haya, sasa mimi nifanyeje?

Mkataba wenyewe ni upi?

Ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Baraza Kuu liliupitisha tarehe 13 Desemba 2006, ukafunguliwa kwa ajili ya kutiwa saini New York tarehe 30 Machi 2007. Siku hiyo ya kwanza zilipatikana saini 82, na Jamaika ikaridhia papo hapo. Ulianza kutumika tarehe 3 Mei 2008, baada ya Ekwado kuwa nchi ya 20 kuridhia. Una ibara 50. Pembeni yake kuna Itifaki ya Hiari yenye ibara 18, na hiyo ndiyo inayofungua mlango wa malalamiko. Watu wengi huvichanganya hivi viwili, kisha hushangaa barua yao inaporudishwa.

Mkataba haukubuni haki mpya. Kusoma, kupiga kura, kuoa na kuolewa, kumiliki shamba: yote hayo yalikuwa ni haki tayari. Kilichoongezwa ni maelezo ya wajibu wa serikali ili asiyeona, kiziwi au mwenye ulemavu wa akili azipate haki hizo kwa vitendo.

Kabla ya hapo hapakuwa na kitu?

Palikuwa na mengi, ila hayakuwa na meno. Mwaka 1981 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu wenye Ulemavu, ukafuatiwa na Mpango wa Dunia wa Utekelezaji wa 1982 na muongo mzima wa 1983 hadi 1992. Siku ya 3 Desemba tunayoiadhimisha kila mwaka ilitangazwa 1992. Mwaka 1993 zikaja Kanuni 22 za kusawazisha fursa. Kanuni zilikuwa nzuri, lakini nchi isiyozifuata haikuulizwa na mtu. Ndiyo maana Meksiko ilipopendekeza mkataba kamili mwaka 2001, vyama vya watu wenye ulemavu viliingia ukumbini vyenyewe na kauli yao: hakuna lolote kuhusu sisi bila sisi.

Kusaini na kuridhia vina tofauti gani? Nchi yangu imo?

Kusaini ni kama kupeleka barua ya posa, na kuridhia ndiyo ndoa. Aliyesaini tu ameahidi kutouhujumu Mkataba, ila hadaiwi utekelezaji. Marekani ilisaini Julai 2009. Desemba 2012 Seneti ikapiga kura 61 dhidi ya 38, theluthi mbili haikufika, na mpaka leo haijaridhia.

Kwetu huku, Kenya iliridhia Mei 2008, Uganda Septemba 2008, Tanzania Novemba 2009, na Burundi 2014. Rwanda ilijiunga Desemba 2008 na Kongo ya Kinshasa 2015. Itifaki ya Hiari ni hesabu nyingine: Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo, Kenya haimo.

Kuna jambo jingine la kisheria lenye uzito mahakamani. Nchini Kenya, ibara ya 2(6) ya Katiba ya 2010 inasema mkataba ulioridhiwa ni sehemu ya sheria za nchi, kwa hiyo wakili anaweza kuutaja moja kwa moja. Tanzania mkataba huhitaji kutungiwa sheria, na sheria hiyo ni ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Ukiwa Dodoma au Mwanza, anza na Sheria Na. 9 kisha utumie Mkataba kuifafanua. Ukianza na Mkataba peke yake utapoteza muda.

Tusemeje: mlemavu, kilema, mtu mwenye ulemavu?

"Mtu mwenye ulemavu" ndilo jina la kwenye sheria na ndilo salama. "Kilema" na "zeruzeru" achana nayo. Sema mtu mwenye ualbino. Wengi hupendelea "asiyeona" kuliko "kipofu". Lakini usikimbilie kusahihisha kila neno lenye *ki-*. Viziwi wa Tanzania wameliita shirika lao Chama cha Viziwi, na ukiwaita "wenye ulemavu wa kusikia" baadhi yao watakuambia wao ni watu wenye lugha yao, wala si masikio yaliyoharibika. Muulize mwenyewe. Inachukua sekunde tano.

Kwa nini takwimu za ulemavu zinapishana hivi?

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 1.3, yaani asilimia 16 ya watu wote. Sensa ya Kenya ya 2019 ilipata asilimia 2.2 kwa wenye umri wa miaka 5 na kuendelea. Ile ya Uganda ya 2014 ilipata asilimia 12.4 kwa wenye miaka 2 na kuendelea. Mpaka wa Busia hauna maajabu ya kubadilisha afya ya watu. Kinachobadilika ni mahali mstari ulipochorwa.

Nchi nyingi sasa hutumia maswali sita ya Kundi la Washington, kundi la wataalamu wa takwimu za ulemavu chini ya Umoja wa Mataifa lililoundwa 2001: kuona, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka na kumakinika, kujihudumia, na kuwasiliana. Majibu ni manne: hapana shida; shida kidogo; shida kubwa; siwezi kabisa. Kipimo kinachopendekezwa ni kumhesabu aliyejibu "shida kubwa" au "siwezi kabisa" angalau kwenye swali moja. Ukiingiza na "shida kidogo", idadi inapaa mara kadhaa. Kwa hiyo kabla ya kunukuu asilimia yoyote kwenye andiko la mradi, tafuta mstari ulichorwa wapi na umri ulianzia wapi.

Kosa kubwa zaidi hutokea mlangoni. Karani anauliza, "Hapa nyumbani kuna mlemavu?" Mama anajibu hapana, na mtoto yuko chumba cha nyuma. Maswali haya yalitungwa makusudi yasitaje neno ulemavu hata mara moja: "Je, unapata shida kuona, hata ukiwa umevaa miwani?" Mzee ambaye asingekubali kamwe kuitwa mlemavu atajibu hilo bila kinyongo. Kwa hiyo karani anayefupisha maswali ili amalize mtaa mapema anaiharibu sensa nzima. Na jihadhari na watoto wadogo: maswali sita hayafai kwa walio chini ya miaka 5, na kwa watoto kuna seti yake iliyotengenezwa pamoja na UNICEF.

"Ufikivu" na "marekebisho mwafaka" si kitu kimoja?

Hapana, na tofauti hii ndiyo inayoamua kesi nyingi. Ufikivu (ibara ya 9) ni wajibu wa mapema kwa ajili ya kila mtu: jengo, basi, tovuti au mtihani uandaliwe uweze kutumika hata kama hujui ni nani atakuja kesho. Marekebisho mwafaka (ibara ya 2 na 5) ni kwa ajili ya mtu mmoja, na wajibu unaanza pale anapoyahitaji: mkalimani wa lugha ya alama kwenye usaili, muda wa ziada wa mtihani, kubadilishiwa zamu kwa anayetumia dawa za kifafa.

Mwajiri anaweza kukataa marekebisho endapo yatamtwika mzigo usio na uwiano, na ni juu yake kuthibitisha mzigo huo. Kwenye ufikivu kisingizio hicho hakikubaliki, ingawa majengo ya zamani hupewa muda wa kurekebishwa hatua kwa hatua. Na kunyima marekebisho mwafaka, kwa mujibu wa Mkataba, ni ubaguzi kamili.

Ukitaka kuomba, andika barua ya ukurasa mmoja. Taja kazi au huduma husika, kikwazo chenyewe, na kitu unachohitaji kwa maneno yanayoshikika: "programu ya kusoma skrini kwenye kompyuta ya ofisi" badala ya "mazingira rafiki". Omba jibu la maandishi na uweke tarehe. Usimwage historia yako yote ya matibabu. Mwajiri anahitaji kujua kizuizi, si jina la ugonjwa. Maombi ya mdomo ndiyo yanayotuangusha mara nyingi, kwa sababu siku ya shauri hakuna anayekumbuka kilichosemwa kwenye korido.

Benki au kampuni binafsi nayo inabanwa na Mkataba?

Inabanwa kupitia serikali. Kuna mfano mzuri wa Hungary: wateja wawili wasioona walilalamika kwamba mashine za kutolea fedha za benki yao hazikuwa na sauti wala nukta nundu, ilhali walilipa makato sawa na wengine. Mwaka 2013 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba huu iliamua kwamba serikali ilivunja ibara ya 9 kwa kutoilazimisha benki. Ukiambiwa huwezi kufungua akaunti bila "mtu wa kukusimamia", kumbuka pia ibara ya 12(5), inayotaja waziwazi haki ya kuendesha fedha zako na kupata mkopo. Omba sababu kwa maandishi, kisha uzipeleke kwa msimamizi wa mabenki.

Tumejenga rampu lakini watu hawaipandi. Kosa liko wapi?

Karibu kila mara ni mwinuko. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda idai sentimita 12 za urefu. Mlango ulio juu ya ngazi tatu za sentimita 15 una kimo cha sentimita 45, hivyo rampu yake ni mita 5.4. Fundi akikuta mbele ya jengo kuna mita 2 tu, hujenga hizo mita 2. Hapo mwinuko unapita 1 kwa 5, na kitimwendo kinaweza kupinduka kinyumenyume.

Dawa ni kuikunja: mita 2.7 kupanda, sakafu tambarare ya mita 1.5 kwa 1.5 ya kugeukia, kisha mita 2.7 nyingine. Juu mlangoni weka tambarare nyingine ya kipimo kilekile, hasa kama mlango unafungukia nje; bila hiyo mtu atalazimika kuvuta mlango huku kiti kinarudi nyuma.

Kukagua hakuhitaji mhandisi. Chukua ubao ulionyooka wa sentimita 120, uulaze kwenye rampu kuelekea juu, weka pimamaji, inua ncha ya chini mpaka kiputo kikae katikati. Pima pengo lililo chini ya ncha hiyo. Likiwa sentimita 10 au pungufu, uko ndani ya 1 kwa 12. Likifika 20, mwite fundi kabla hajalipwa.

Mengine ya kutazama: vigae vinavyong'aa au saruji iliyolainishwa, ambavyo mvua ikinyesha ni barafu, mtaro wa maji usiofunikwa mwanzoni mwa rampu, ukosefu wa kingo za pembeni na mkono wa kushikia kwenye kimo cha kama sentimita 90. Halafu mlango wenyewe. Fremu ya sentimita 80 ukitoa unene wa mlango uliofunguliwa hubaki sabini na kitu. Unahitaji nafasi wazi ya 80 au zaidi, choo kikiwemo, na ndani ya choo duara la sentimita 150 la kugeuza kiti. Tumeona rampu safi kabisa inayoelekea kwenye mlango uliotiwa kufuli, ufunguo uko kwa mlinzi aliyeenda kula.

Tumeahidiwa vitimwendo vya msaada. Tuvipokee?

Ulizeni kwanza. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 wenye hatua nane: rufaa, tathmini, uchaguzi wa kiti, fedha na uagizaji, uandaaji, kukijaribisha mwilini, mafunzo, na matengenezo pamoja na ufuatiliaji. Msaada wa sherehe na picha hufika hatua ya tano na kuishia hapo.

Kiti kisichokuwa cha saizi yako ni hatari. Upana wake ufuate nyonga. Kina chake kiache nafasi ya vidole viwili kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Aliyeumia uti wa mgongo hasikii maumivu ya makalio, hivyo bila mto maalumu na bila kujinyanyua kila dakika 20 au 30 hupata kidonda, na kidonda hicho kikiingia maambukizi kinaua. Kiti cha hospitali chenye magurudumu madogo ya mbele kinafaa korido. Kwenye mchanga wa Bagamoyo au barabara ya changarawe huzama. Kwa njia hizo chukua chenye magurudumu matatu na msingi mrefu. Muulize mfadhili tairi, beringi na spoku vinapatikana mjini kwenu? Fundi baiskeli wa mtaani anaweza kukitengeneza? Jibu likiwa hapana, kitakuwa chuma chakavu.

Naweza kuipeleka serikali mbele ya Kamati ya Geneva?

Ndiyo, kama nchi yako imo kwenye Itifaki ya Hiari. Kamati ina wataalamu 18. Hakuna ada, na wakili si lazima, ingawa anasaidia sana. Lalamiko liandikwe kwa lugha mojawapo ya Umoja wa Mataifa; Kiswahili bado hakimo, kwa hiyo panga gharama ya mfasiri. Lisiwe la bila jina: Kamati na serikali watakujua, lakini unaweza kuomba jina lisitangazwe.

Malalamiko mengi hukwama kwenye sharti la kumaliza njia za ndani: polisi, mahakama, rufaa. Ubaki na nakala ya kila kitu, namba ya jalada la polisi, hati ya mashtaka, hukumu, hata barua isiyojibiwa. Sharti lina mlango wa dharura: kama njia hizo zinachukua muda kupita kiasi au haziwezi kukupa nafuu, eleza hivyo kwa tarehe. Mambo mengine yanayoangusha ni tukio la kabla ya nchi kujiunga na Itifaki, au jambo lilelile kuwa tayari liko mbele ya chombo kingine cha kimataifa. Kama uhai uko hatarini, omba hatua za muda, yaani ulinzi wakati lalamiko likisubiri uamuzi, tangu ukurasa wa kwanza. Serikali hupewa miezi sita kujibu.

Kesi inayotuhusu zaidi ni ya X dhidi ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, iliyosajiliwa 2014. Ni mtu mwenye ualbino aliyeshambuliwa mwaka 2010 na kukatwa mkono. Serikali ilidai hajamaliza njia za ndani. Kamati ilikataa hoja hiyo, na Agosti 2017 ikaamua kwamba ibara za 5, 15 na 17 zimevunjwa. Hesabu mwenyewe: miaka mitatu Geneva, saba tangu shambulio. Na maamuzi ya Kamati hayatekelezwi na polisi wa dunia. Yanahitaji chama cha nyumbani kinachoyashika na kuyarudisha bungeni na kwenye vyombo vya habari.

Mimi ni Mkenya. Nifanyeje basi?

Anza na Mahakama Kuu ukitumia ibara ya 54 ya Katiba pamoja na Mkataba. Unaweza pia kumwandikia Ripota Maalumu wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu: yeye hupokea barua kutoka nchi yoyote na hadai umalize njia za ndani. Nguvu yake ni kuiandikia serikali na kuiuliza. Haihukumu, ila huwa inashtua.

Ripoti mbadala ni nini, na inaandikwaje?

Serikali hutakiwa kuipa Kamati ripoti ya kwanza ndani ya miaka miwili tangu Mkataba uanze kuibana, kisha kila miaka minne. Kuchelewa ni jambo la kawaida. Vyama vinaweza kupeleka ripoti yao, ambayo ndiyo ripoti mbadala, kwa nyakati mbili: Kamati inapoandaa orodha ya maswali, na tena kabla ya mazungumzo na ujumbe wa serikali. Wengi hukosa nafasi ya kwanza, nayo ndiyo yenye faida kubwa zaidi, kwani swali lisiloingia kwenye orodha ni nadra kuulizwa baadaye.

Andika kwa kufuata ibara. Chini ya kila moja weka sheria inasemaje, hali ikoje, ushahidi, na pendekezo moja. "Serikali iboreshe elimu jumuishi" haliisaidii Kamati. "Wizara iajiri wakalimani wa lugha ya alama katika vyuo vyote vya ualimu na itenge fungu lake kwenye bajeti" linaweza kunakiliwa kama lilivyo. Vyama viwili vikileta ripoti zinazopingana, serikali itazitumia zote mbili kujitetea, basi kaeni mezani mapema.

Vitabu vya nukta nundu na vya sauti vina mkataba wake?

Vinao: Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa 27 Juni 2013 na kuanza kutumika 30 Septemba 2016. Kenya, Uganda na Tanzania zimejiunga. Unaruhusu taasisi iliyoidhinishwa kugeuza kitabu chenye hakimiliki kuwa nukta nundu, maandishi makubwa au sauti bila kuomba kibali, na kukipeleka nchi nyingine mwanachama. Zamani kitabu kilekile kiliandikwa upya Nairobi na tena Kampala kwa sababu nakala haikuruhusiwa kuvuka mpaka. Wanufaika ni wasioona, wenye uoni hafifu, wenye shida ya kusoma maandishi, na wasioweza kushika kitabu. Viziwi hawamo humo.

Mkataba unatoa ruhusa, haulipi gharama ya kazi. Kitabu kilichopigwa skani bila kuhaririwa hutoa "ngombe" mahali pa "ng'ombe", na mashine itasoma hivyohivyo.

Afrika ina chake?

Ndiyo: Itifaki ya Umoja wa Afrika ya 2018, iliyoanza kutumika 2024 baada ya nchi 15 kuridhia, zikiwemo Kenya na Rwanda. Inasema waziwazi yale ambayo mkataba wa New York uliyapitia kwa mbali: mila zenye madhara, imani za kishirikina, mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino. Kwa kesi za aina hiyo tunashauri ianze kutajwa.

Zile ahadi za mikutano ya kimataifa hufuatiliwaje?

Mkutano wa kwanza wa Dunia wa Ulemavu ulifanyika London Julai 2018, Kenya ikiwa mwenyeji mwenza. Wa Berlin, Aprili 2025, ulitoa lengo la "15 kwa 15": angalau asilimia 15 ya miradi ya maendeleo katika nchi iwe na ujumuishaji wa watu wenye ulemavu kama lengo lililoandikwa. Ahadi za serikali na mashirika huwekwa hadharani mtandaoni. Tafuta ya nchi yako, ichapishe, kisha nenda nayo kwenye kikao cha bajeti ukiwa na swali moja: fungu namba ngapi? Kama mradi unadai ni jumuishi, omba uone mstari wa mkalimani, wa usafiri wa msaidizi na wa nakala za nukta nundu. Mistari hiyo huwa ya kwanza kufutwa bajeti inapopunguzwa, kwa hiyo rudi tena kuangalia toleo lililopitishwa.